Kipimo cha Dada Fundi

Amplifaya ya Mzee wa Matangazo ilirudi mara ya tatu, na safari hii mwenyewe hakuja na salamu. Aliitua juu ya meza ya kazi kwa kishindo mpaka skrubu zilizokuwa kwenye kisahani zikaruka, kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada Fundi, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini mdomo wangu ndio jembe langu, na hili dude ndilo linalonifikishia sauti. Jana nipo katikati ya soko, natangaza dawa ya mende, nimefika pale penyewe pa bei. Kimya! Watoto wakanicheka. Nadhani hata mende walinicheka."

"Lilianza kukwaruza kwanza, au lilinyamaza ghafla?"

"Ghafla. Na halikuwahi kunisumbua mpaka lilipopita mikononi mwako."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Dada Fundi mpaka kwenye mfupa, lakini aliendelea kuangalia chini kama mtu anayetafuta bisibisi. Mzee wa Matangazo akamwambia kwamba Ijumaa angekuja kuchukua mali yake, iwe nzima iwe mbovu. Ikiwa mbovu angeipeleka kwa fundi mwingine, na kila atakayemuuliza sababu angemweleza, bila kipaza sauti. Akaondoka.

Dada Fundi alilifungua sanduku. Hakuwa na haja ya kutafuta sana. Ile chipu aliyoifunga mwenyewe wiki iliyopita, kidude cheusi cha miguu mitano chenye bati dogo mgongoni, ilikuwa imetoboka usoni. Kidude hicho ndicho kinachopokea sauti nyembamba ya kipaza sauti na kuifanya iwe nene ya kujaza soko. Kikifa, amplifaya nzima inabaki sanduku la kuwekea viatu.

Haikuwa amplifaya ya kwanza kurudi. Ilikuwepo ya shule, ikawepo ya ukumbi wa mikutano, zikawepo za watu wa kawaida wanaopenda kuwasumbua majirani. Zote zilipona mezani pake, zikaondoka zikiimba, zikarudi zimekufa. Na zote alizitia chipu kutoka boksi moja jipya, boksi alilolinunua kwa mdogo wake.

Hapo ndipo penye tatizo, na inafaa lielezwe vizuri.

Katika mtaa ule wa mafundi wa redio, Dada Fundi alikuwa mwanamke peke yake na mkongwe kuliko wote. Walianza kumwita Dada kwa kumtania, enzi zile walipodhani amepotea njia, kwamba alikuwa anatafuta saluni. Baadaye utani ukageuka cheo. Pakawa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika wala kuipigia kura: spea mpya ikiingia mtaani, mafundi hawainunui mpaka Dada Fundi aijaribu. Wanakuja kibarazani kwake, wanakaa, wanapiga soga, na mwishowe mmoja anauliza, "Vipi, zinafaa?" Akisema zinafaa, boksi linaisha siku hiyo hiyo. Akisema hazifai, mwenye duka atafute namna ya kuzila.

Na mwenye duka alikuwa mdogo wake. Mtaa mzima walimwita Spea. Duka lake lilitazamana na chumba cha dada yake, barabara tu ikiwatenga. Spea ndiye kitindamimba. Mama yao alipofariki alikuwa hajaanza hata kukaa, na dada yake akaacha shule kumbeba mgongoni. Alijifunza ufundi kwa mjomba wao akiwa na mtoto mgongoni, na mpaka leo Spea hutania kwamba yeye ndiye fundi wa kwanza duniani aliyesomea mgongoni. Kila asubuhi huvuka barabara na kikombe cha chai ya dada yake, sukari kidogo, anavyopenda. Dada Fundi hakuwa na mtu aliyempenda kama yule.

Sasa tazama alivyobanwa. Kama chipu zilikuwa mbovu, basi mdogo wake anauza takataka, na kwa desturi ile ile iliyompa heshima alitakiwa atoke kibarazani aseme, na akisema duka limekufa. Kama chipu zilikuwa nzima, basi mbovu ni yeye.

Kwa sababu kulikuwa na jambo lingine. Tangu masika vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi. Akishika kikombe hajui kama ni cha moto. Na chipu haipendi moto wa kupita kiasi. Ukigandisha chuma cha kulehemu mguuni kwake muda mrefu kuliko inavyostahili, unaipika ndani kwa ndani. Itaimba leo, kesho itakufa. Fundi mzima huhisi muda huo vidoleni, hahitaji saa. Yeye alikuwa hahisi tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye aliyaficha kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Alimwambia Spea.

Jumanne asubuhi Spea alipokuja na chai, alimkuta dada yake anatoboa matundu kwenye kopo la plastiki la biskuti.

"Unafungua kiwanda?"

"Natengeneza kipimo," alijibu bila kuinua kichwa. "Cha kupimia chipu."

"Chipu zangu?"

"Chipu zozote. Angalia hapa. Nimetoa kiunganishi cha skrubu kwenye stabilaiza iliyokufa. Miguu mitano inaingia kwenye matundu matano, nakaza skrubu, basi. Hakuna kulehemu, hakuna moto. Mikono yangu haimo. Nikiipa chipu sauti kutoka kwenye simu, ikaitoa huku imekuzwa, taa ya kijani inawaka. Ikiwa imekufa, inawaka nyekundu."

Spea aliweka kikombe mezani, akainama kukitazama kile kipimo. Alikuwa mfanyabiashara lakini saketi alikuwa anazielewa. Ubeleko aliobebewa ulikuwa unanuka risasi ya kulehemu. Alifuata nyaya kwa kidole, moja moja.

"Umeme utautoa wapi?"

"Kwenye transfoma ya Mzee wa Matangazo. Ipo tu, haina kazi."

"Ah, dada!" Spea alicheka. "Transfoma kubwa hivyo kwa kikopo hiki? Waya ukigusana tu, kipimo chote kinakuwa majivu. Anza na umeme mdogo. Ngoja nikuletee adapta."

Akavuka barabara, akarudi na adapta ndogo ya kuchajia redio, na spika yenye ukubwa wa kiganja iliyotoka kwenye televisheni ya zamani. Aliziunganisha yeye mwenyewe. Dada yake akamshukuru. Alisema moyoni kwamba mtu mwenye hatia hawezi kuleta mwenyewe kamba ya kufungiwa, na wazo hilo likampunguzia uzito kidogo.

Kabla ya mchana kipimo kikawa tayari. Dada Fundi alianza na chipu aliyoichomoa kwenye amplifaya ya nyumbani kwake, ambayo imeimba miaka bila kulalamika. Akakaza skrubu, akawasha. Muziki mwembamba ukatoka, taa ya kijani ikawaka. Akatia ile iliyotoboka ya Mzee wa Matangazo. Nyekundu. Kipimo kilikuwa kinasema kweli.

Akavuta boksi la mdogo wake. Spea alikuwa amesimama nyuma yake, na alimsikia anavyopumua.

Chipu ya kwanza: kijani. Akaitoa, akatia nyingine: kijani. Akachagua ya chini kabisa, ya pembeni, akafumba macho akachota tu kama mtu anayecheza bahati nasibu. Kijani, kijani, kijani. Spika ndogo iliimba kila mara, kwa furaha ya kuudhi, na kila taa ilivyowaka Dada Fundi alizidi kuinama. Mwishowe akazima kipimo. Alikuwa amejiandaa kumpoteza mdogo wake. Hakuwa amejiandaa kujipoteza mwenyewe.

"Ni mikono," alisema.

Spea alimwekea mkono begani. "Dada, si kosa lako. Umefanya kazi tangu utoto, mwili si chuma. Pumzika. Mimi nipo. Ulinilea, sasa niache nikulee."

Dada Fundi akalia. Alilia kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya hata siku alipomzika mume wake, kwa sababu siku ile bado alikuwa na pa kwenda asubuhi iliyofuata. Spea alimfuta machozi kwa mkono wa shati lake. Halafu akauliza, taratibu, "Sasa mafundi niwaambie zinafaa?"

"Nitawaambia mwenyewe," alijibu. "Ijumaa, wakija."

"Sawa. Ijumaa si mbali."

Siku iliyofuata alianza kufunga vifaa. Koleo alizipaka mafuta na kuzivika gazeti. Mita aliitoa betri. Chumba cha pili, ukuta mmoja naye, alikuwa anashonea Mama Cherehani, mwanamke mwenye kifua kikubwa na mdomo usiojua likizo. Aliposikia droo zinafunguka na kufungwa bila nyundo wala redio, alijua kuna msiba, akaja na futi yake shingoni.

"Unahama?"

"Naacha kazi."

"Umeshinda bahati nasibu ukanificha?"

Dada Fundi akamweleza yote, hata ganzi. Kipimo kilishasema, hakuna cha kuficha tena. Ili aaminike, akaichukua chipu moja ya Spea, akaifunga, akawasha. Taa ya kijani. Kamuziki kakatoka.

Mama Cherehani aliinama akatega sikio. "Hivi ndivyo unavyoipima?"

"Ndiyo."

"Ikinong'ona?"

"Inatosha kuonyesha kama ni nzima."

"Kwani yule mzee wa dawa ya mende huwa anawanong'oneza watu sokoni?" Mama Cherehani alichomoa uzi kwenye mfuko wa gauni lake, akauzungushia vidole na kuuvuta kwa nguvu. Ukakatika. "Uzi ukiwa umelala dukani wote mzuri. Mimi nauvuta. Ukikatika, bora ukatikie mikononi mwangu kuliko kwenye makalio ya mteja."

Akatupa vipande vya uzi chini, akarudi kwa cherehani yake, maana kulikuwa na suruali inamsubiri. Wala hakujua alichokisema. Watu wa namna hii ndivyo walivyo, wanamwaga busara kama maganda ya karanga na hawageuki kuangalia yalikoangukia.

Dada Fundi alibaki amekaa. Mwanzoni alijisikia aibu tu, aibu ya kitaalamu. Kweli amplifaya za watu zinapigwa kwa sauti ya mwisho, kwenye jua, kutwa nzima, na yeye alikuwa anapima kwa sauti ya kumlaza mtoto. Chipu ya bandia, iliyotiwa moyo mdogo ndani ya ganda kubwa, itaimba vizuri kabisa kwa umeme mdogo. Hilo alikuwa analijua. Alilijua siku zote. Ndiyo maana toka mwanzo alitaka kutumia transfoma kubwa.

Akalirudia wazo hilo. Alitaka kutumia transfoma kubwa. Nani alimzuia?

Akaitazama ile adapta ndogo. Akaitazama ile spika ya kiganja. Alijaribu kumtetea mdogo wake kwa kila namna, kwamba labda aliogopa kweli kipimo kuungua, kwamba labda hakufikiri. Lakini aliukumbuka mkono ule begani, na lile swali lililofuata kabla hata machozi hayajakauka: niwaambie zinafaa? Alijichukia kwa kulifikiria hilo, na hakuweza kuacha.

Akafungua gazeti, akatoa koleo.

Safari hii hakumwambia mtu. Alichukua transfoma ya Mzee wa Matangazo na kuitia kwenye kipimo. Badala ya spika, alikata kipande cha waya wa jiko la umeme lililokufa, akakipima kwa mita, akipunguza kidogo kidogo mpaka kikawa na uzito ule ule ambao chipu huubeba ikisukuma spika kubwa. Kwa kuwa waya ule ungewaka moto, aliuzamisha kwenye ndoo ya maji. Akafunga kitufe cha kuzungusha cha kupandishia sauti, ingawa sauti yenyewe haingesikika; nguvu yote ingeishia kwenye maji. Kila chipu angeifunga kwa skrubu kwenye bati nene la kupoza joto, ili isionewe. Alitaka kuwa wa haki. Vidole vilimsaliti mara kadhaa, skrubu zikaanguka, akaziokota, akaendelea.

Chipu ya zamani ndiyo iliyoanza. Alizungusha kitufe taratibu hadi mwisho. Kimya kilikuwa cha ajabu, hakuna muziki, ni transfoma tu iliyoguna chini ya meza. Vipovu vidogo vikaanza kuushika waya ndani ya ndoo. Alitia kidole majini, akakumbuka kwamba kidole hakimwambii kitu, akatia kiwiko. Vuguvugu. Taa ilibaki kijani. Aliiacha hivyo mpaka alipomaliza kikombe cha chai, na chipu ile kizee ikabeba mzigo wake bila kunung'unika.

Akaitoa, akafunga moja ya Spea. Akakaza skrubu zote. Mkono ukaenda kwenye kitufe na kusimama hapo hapo.

Aliogopa. Tusimpambe. Ikistahimili, mikono yake imekufa na amemdhania vibaya mtoto aliyemlea. Isipostahimili, mtoto aliyemlea amesimama nyuma yake, amemtazama akilia, na amemfuta machozi kwa mkono wa shati huku anajua. Dada Fundi aliona heri ya kwanza. Aliomba, kwa kweli aliomba, iwe mikono. Akazima umeme, akaufunika mtambo wote kwa shuka, akaamua kwamba chipu ile haitapimwa mpaka mdogo wake awepo. Kama kuna mtu anastahili kuambiwa kwanza, ni yeye.

Ijumaa mafundi walikuja mapema kuliko kawaida. Walijaa kibarazani, wengine kwenye benchi, wengine kwenye magurudumu ya gari yaliyogeuzwa viti. Soga zilikuwa chache. Mzee wa Matangazo naye alifika, akasimama pembeni kama hakimu. Wote walikuwa wamesikia hiki na kile. Dada Fundi aliwasalimia, kisha akamwita mdogo wake kutoka ng'ambo ya barabara, akamwingiza ndani na kurudishia mlango.

"Nina neno na wewe kabla yao," alimwambia, akaivuta ile shuka na kuwasha umeme.

Spea alitazama. Macho yake yalianzia kwenye transfoma, yakafuata nyaya, yakashuka kwenye ndoo, yakarudi kwenye kitufe. Hakuuliza hicho ni nini. Dada yake aliliona hilo, kwamba hakuuliza.

"Chipu hiyo iliyofungwa ni yako," alisema. "Sijaijaribu. Nilitaka uijaribu wewe. Zungusha mpaka mwisho."

"Dada, si tulishapima?"

"Tulipima ikinong'ona."

"Sasa hivi utaiunguza bure. Nani anapima chipu hivi?"

"Mzee wa Matangazo anaipima hivi kila siku, pale sokoni. Zungusha, baba."

Alimwita baba, kama alivyokuwa anamwita zamani akitaka anywe dawa. Spea alinyoosha mkono, ukafika kwenye kitufe. Vidole vyake, vidole vizima visivyo na ganzi, vikakaa juu ya plastiki ile. Nje mtu alikohoa. Transfoma ilikuwa inaguna. Dada Fundi alikuwa anamwomba moyoni: zungusha tu, mwanangu, zungusha hata kwa hasira, nijue kwamba hukujua.

Spea akaurudisha mkono mfukoni.

Halafu Spea akaanza kuongea haraka, chini chini. Mtu wa jumla alimdanganya. Alikuja kugundua mzigo ukiwa tayari dukani, angefanya nini, angeutupa mtoni? Kwa sauti ndogo zinafanya kazi, si uongo huo, zinafanya kazi. Na isitoshe, dada, vidole vyako ni kweli vinaumwa, ulikuwa unachoka hata hivyo, mimi nilidhani ungepumzika, ningekutunza, usingekosa kitu.

"Ulinitazama nikilia," alisema Dada Fundi.

"Ningekutunza, dada."

"Nimekuuliza?"

Spea akasema kwa sauti ya kitoto, "Mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana nimekuita kwanza. Hapo nje wamekaa watu. Wataniuliza kama zinafaa, na unajua nitajibu nini. Toka wewe, waambie. Sema ulidanganywa, sema unazirudisha. Ukisema mwenyewe, ni binadamu aliyekosea, na mimi nitakaa pembeni yako wakikutukana. Nikisema mimi, ni mwizi aliyeumbuliwa na dada yake. Nenda."

Spea aliuangalia mlango muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso, akatoka. Dada Fundi akashika ukingo wa meza na kusikiliza. Alikuwa na matumaini, na tusimcheke kwa hilo. Mtu uliyemfundisha kutembea humwachi kumtarajia.

Akasikia benchi linalia, watu wamejigeuza. Akasikia sauti ya mmoja wao: "Enhe, Spea, dada anasemaje? Zinafaa?"



Halafu sauti ya mdogo wake, ya huruma, ile ile ya Jumanne: "Jamani, mwacheni dada yangu. Anaumwa. Mikono yake imekufa ganzi siku nyingi tu, anaunguza chipu bila kujua. Alikuwa anaona aibu kuwaambia. Mkisikia anasema chochote kuhusu spea, mumvumilie."

Ndani ya chumba Dada Fundi alikaa kwenye kiti chake. Hakuona hasira, ajabu ni hiyo. Aliona uchovu, kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni safari ndefu na sasa ndiyo kwanza anauhisi uzito. Kisha akasimama, akagonga ukuta mara mbili, na Mama Cherehani akaja kwa mlango wa uani.

"Nibebee ndoo," alimwambia.

Wakatoka. Dada Fundi mbele na kopo lake, transfoma na bati, waya mrefu wa umeme unamfuata kutoka mezani. Mama Cherehani nyuma na ndoo ya maji, anamwaga njia nzima na kulaani. Mafundi wakawapisha. Aliweka kila kitu juu ya benchi, akainua mikono yote miwili juu wote waione.

"Alichowaambia mdogo wangu ni kweli," alisema. "Vidole vyangu vina ganzi. Ndiyo maana chipu hii imefungwa kwa skrubu, mikono yangu haijaichoma. Sogeeni."

Spea alikuwa ameshaanza kuvuka barabara. "Dada," aliita kutoka katikati yake, "dada, basi!"

Dada Fundi akazungusha kitufe. Taa ilikuwa ya kijani nusu ya njia. Robo iliyofuata bado kijani, Mzee wa Matangazo akavuta pumzi. Kabla ya kufika mwisho kukatoka mlio mfupi mkavu, na kidude cheusi kikapasuka usoni mbele ya watu wote. Moshi mwembamba. Nyekundu.

Hakuna aliyeshangilia. Dada Fundi alifungua skrubu, akaitoa chipu iliyoungua na kuiweka pembeni. Halafu akafunga ile kizee ya nyumbani kwake, akazungusha hadi mwisho, na wote wakasimama kuitazama taa ya kijani mpaka waliporidhika.

"Hazifai," alisema.

Fundi mmoja akatia mkono mfukoni, akatoa chipu mbili alizokuwa amenunua kwa Spea bila kusubiri ruhusa, akaziweka kwenye benchi kwa aibu. Mwingine akafuata. Wakajipanga foleni bila kuambiwa. Dada Fundi akazipokea moja moja, akakaza, akazungusha, na ng'ambo ya barabara mdogo wake alikuwa amekaa kizingitini pa duka lake, kichwa mikononi, anaisikia kila inayopasuka. Dada yake naye alizisikia. Alitaka kuacha baada ya ya tatu, lakini foleni ilikuwa ndefu na watu wale walikuwa na wateja wao, kwa hiyo aliendelea kupima huku machozi yanamdondoka kwenye ndoo, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.